Altezza ya kilomita 231,000: dalili za kushusha bei na dalili za kuondokea

Mpwa wangu wa Chumbageni, hapa Tanga, alinitumia picha sita usiku wa Alhamisi. Toyota Altezza ya rangi ya fedha, rimu nyeusi, taa za nyuma zile za duara zilizowatia wazimu vijana wa mji huu, na picha ya mwisho ni dashibodi ikisoma 231,406. Chini yake maneno mawili: "Mjomba, tuichukue?" Muuzaji anataka milioni tisa na nusu, maongezi yapo.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia anipitie Jumamosi alfajiri, na asimwambie dalali tunafika saa ngapi. Akamwambia.

Kilomita laki mbili na ushee zinatisha ukizisoma, lakini zenyewe si ugonjwa. Nimepanda Altezza iliyovuka laki mbili na nusu ikienda Dar na kurudi bila kuongezwa oili. Nimewahi pia kununua yenye laki moja na ishirini, tena kwa pesa nzuri, ikanifia njiani. Ile namba inakwambia gari limetembea kiasi gani. Limetunzwaje, hilo utalisikia kwenye moshi, maji, sauti na vibandiko, na karibu kila dalili ina sababu ya bei rahisi na sababu ya kukufilisi. Kazi ya mnunuzi ni kujua aliyonayo mbele yake ni ipi.

Kwanza ujue ni Altezza ipi

Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 1998, mhandisi mkuu akiwa Nobuaki Katayama, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999, na uzalishaji ukakoma 2005. Kwa hiyo hata ile changa kuliko zote ina miaka zaidi ya ishirini. Raba, mipira ya maji na plastiki huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe.

AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, cc 1,988, nguvu za farasi 160. Ni laini, haina haraka, inavumilia. RS200 ina 3S-GE, silinda nne, cc 1,998, ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza, na kwenye ile ya gia za mkono inatoa farasi 210. Hiyo ndiyo ya spoti hasa, na ndiyo iliyokamuliwa zaidi na kila aliyeimiliki. Wajapani waliisanifia petroli ya oktani ya juu. Ukisikia inagonga kama kokoto kwenye kopo unapokanyaga mafuta mlimani, huenda ni mafuta ya kiwango cha chini, huenda ni kaboni iliyoganda juu ya pistoni, huenda ni sensa. Ila ukiisikia hata kwenye tambarare ukienda taratibu, shuka.

Ya mpwa wangu ni AS200 ya gia za mkono. Nilishusha pumzi kidogo.

Boneti ni ya moto na wewe ndiyo kwanza umefika

Tulifika saa 12:20 asubuhi, mama wa chapati ndiyo kwanza anapuliza jiko. Salamu, habari za asubuhi, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto.

"Nilikuwa nimewapeleka watoto shule, mzee wangu."

Jumamosi.

Injini baridi haina adabu, inasema kila kitu mbele ya wageni. Ikishapashwa inajikaza. Mtu huipasha kabla hujafika kwa sababu mojawapo ya hizi: betri au stata imechoka, kwa hiyo haitaki kuwaka kwa mara ya kwanza, inatoa moshi wa bluu ikiamka, inalia kama debe kwa sekunde chache mpaka oili ipande juu, au sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka mpaka ipate joto. Mbili za mwanzo na ile ya mwisho mara nyingi hutibika bila kuuza shamba. Kinachokuudhi ni kwamba hukuoneshwa.

Usigombane. Mwambie gari ni zuri, utarudi kesho, na asiliwashe mpaka ufike. Akikubali, umepata unachotaka. Akikwambia kuna mteja mwingine anakuja leo saa nne na fedha taslimu, mtakie biashara njema. Mteja wa saa nne ninamfahamu miaka mingi, sijawahi kumwona uso.

Tulirudi Jumapili. Boneti ilikuwa na umande.

Odometa inasema hili, gari linasema lile

Odometa ya Altezza ni ya tarakimu za umeme, na kuirudisha nyuma ni kazi ya nusu saa kwa mwenye kifaa. Mtu hasogezi namba kutoka 260,000 hadi 231,000, anaipeleka 90,000. Kwa hiyo, ajabu iliyopo, namba kubwa huwa ya kweli kuliko ndogo. Mimi namba inayonitia shaka ni ile ya 78,000 kwenye gari la mwaka 2000.

Angalia raba za pedeli. Pedeli ya klachi iliyolika mpaka chuma kinang'aa si ya kilomita elfu themanini. Angalia ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, pale unapojisugua ukishuka. Angalia kifundo cha gia na ngozi ya usukani pale mikono inaposhika.

Kisha fungua boneti utafute vibandiko. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda wa taiming (unaozifanya valvu na pistoni ziende pamoja) hubandika karatasi ndogo ndani ya boneti au kwenye kava ya mkanda, yenye kilomita na tarehe. Hii ya Chumbageni ilikuwa nacho, kimefifia, kona moja imeliwa na joto: 101,880 km, mwaka 19. Huo ni mwaka wa kalenda yao ya Heisei. Jumlisha 1988 unapata 2007. Namba ikawa inaelekeana na odometa, na hilo likanipa imani zaidi ya maneno yote ya dalali. Niliwahi kuona gari jingine dashi inasoma 86,000 na kibandiko kinasema mkanda ulibadilishwa kwenye 104,000. Muuzaji alipooneshwa alikitazama kibandiko kwa muda, akasema labda kililetwa na upepo.

Lakini kibandiko hicho kina habari mbaya pia. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita laki moja. Wa kwanza ulibadilishwa kwenye 101,880, wa pili ulipaswa kuwa karibu laki mbili. Ushahidi wa wa pili uko wapi? Hakuna risiti, hakuna kibandiko, na muuzaji anakumbuka "fundi mmoja alishughulikia". Kwenye injini hizi mkanda ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na gharama yake ni injini. Kwa hiyo mkanda usio na ushahidi uhesabu kuwa haukubadilishwa. Weka kwenye hesabu mkanda, tensiona (kikaza mkanda) na pampu ya maji kwa pamoja, maana kazi ya kuvifikia ni ileile moja.

Inatoa moshi

Simama nyuma ya gari mtu mwingine akiwasha. Si pembeni, nyuma.

Moshi wa bluu mara mbili tatu ikiamka, halafu ukakata: sili za valvu zimekauka. Usiku oili inajipenyeza polepole kuteremka kwenye silinda, asubuhi inaungua. Gari linaweza kuishi hivyo miaka. Ni dalili ya kushusha bei.

Bluu ukiachia mafuta kwenye mteremko gari likiwa kwenye gia, kisha ukikanyaga tena linapiga wingu moja: bado ni sili.

Bluu inayoendelea kila unapokanyaga, mlimani na tambarare: ringi za pistoni. Hapo unazungumzia kufungua injini yote au kutafuta injini ya mtumba, na injini ya mtumba nayo ina umri uleule wa gari lako. Ili kuujua moshi huu huwezi kutegemea kioo cha nyuma. Mwambie mtu afuate kwa pikipiki kutoka Kange hadi Pongwe, asogee karibu kiasi cha kunusa. Mpwa wangu alifuata akiwa ameziba pua kwa fulana. Alifika Pongwe akasema hajaona kitu ila ana njaa.

Kabla hujaihukumu ringi, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa. Ikipuliza moshi kwa mapigo kama treni, gesi inapita kwenye ringi. Lakini kuna kivalvu kidogo cha kupumulia injini, kikiziba nacho huleta kula oili na hata kuvuja kwenye gasketi za kava ya valvu, na bei yake ni ndogo. Fundi mwaminifu huanza na hicho.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, sensa ya oksijeni imekufa, au nozeli inavuja. Hapa usikimbie, ila uliza gari limeendeshwa hivyo kwa muda gani, maana petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda.

Moshi mweupe mzito usioisha ni maji yanayoungua. Huko Ulaya hufundishana kunusa harufu tamu ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Hapa kwetu magari mengi yanaendeshwa na maji ya bomba, hayana utamu wowote, kwa hiyo pua haitakusaidia. Nenda kwenye rejeta.

Na muuzaji akikwambia Toyota za spoti zote zinakula oili, mwombe akuoneshe kijiti cha kupimia oili. Ikiwa anajua inakula na bado kijiti kinasoma chini ya alama ya chini, ameshakwambia jinsi alivyoitunza.

Geji ya joto haifiki katikati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipozika pesa zangu.

Altezza yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu wa mjini hapa. Sindano ya joto ilikuwa chini muda wote, hata jua la Februari. Nikamsifu kwa marafiki: hii gari inapoa vizuri sana. Miezi minne baadaye, tukielekea Dar, tumepita Kabuku, sindano ikapanda ghafla kama mtu aliyechomwa mwiba. Mpira wa juu ulikuwa umepasuka. Hedi, kile kichwa cha injini, ikapinda. Fundi alipofungua akaniuliza themostati yako iko wapi, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Haikuwepo. Pahala pake palikuwa na gasketi tu, imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye boksi.

Kuna mafundi wa pwani wanaoamini themostati ni kitu cha nchi za baridi. Gari likichemsha, badala ya kutafuta kwa nini, wanaitoa. Sababu halisi inabaki palepale: rejeta imeziba kwa kutu, feni imelegea, pampu imechoka, kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Gari likiwa kwenye mwendo, maji yanazunguka bila breki, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli, oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu. Ringi zinalika. Siku feni ikizidiwa kwenye foleni, hakuna cha kukuonya mapema, kwa kuwa ulishazoea sindano ya chini.

Namna ya kujua bila kufungua kitu: injini ikiwa baridi kabisa, washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Themostati ikiwepo, mpira unabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla unakuwa wa moto, kwa sababu themostati za Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiwa imetolewa, mpira unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo pamoja na injini. Sindano inatakiwa ipande, itulie karibu na katikati, isitikisike tena, iwe mjini au barabara kuu.

Ile ya Chumbageni? Uvuguvugu tangu dakika ya kwanza. Nilimtazama mpwa wangu, naye akanitazama. Kisa cha Kabuku anakijua, ndiye aliyekuja kunivuta.

Kutolewa kwa themostati peke yake hakujanikimbiza. Kuna maswali ya kufuata. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, na nasema baridi, nimeona mkono wa mtu ukichunika. Maji ya rangi ya chai yanakwambia kutu inatembea ndani. Tangi la juu la plastiki likiwa limegeuka kahawia, linakaribia kupasuka. Washa injini, angalia mdomoni mwa rejeta: mapovu yanayotoka mfululizo hata baada ya hewa kuisha ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji, yaani gasketi ya hedi. Mpira wa maji ulio mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha ni habari ileile. Uji mweupe chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa gasketi, unaweza pia kuwa unyevu wa gari linaloendeshwa sokoni na kurudi tu. Ukiuona kwenye kijiti pia, basi si unyevu.

Kisha iache sailensa na kiyoyozi kikiwaka, juani, dakika ishirini. Kaa hapo hapo. Sindano ikianza kupanda, gari limesema.

Tulipata maji ya kahawia, hakuna mapovu, mpira laini, oili safi, na dakika ishirini sindano ilikaa. Kwa hiyo kuna rejeta ya kusafishwa au kubadilishwa, themostati ya kurudisha, na kulanti ya kuweka. Vyote vinahesabika.

Sauti inayotokea ikipata joto

Tiki-tiki ya juu juu ikiwa baridi, inayopotea, isikunyime usingizi. Inayonitisha ni ile nzito ya chini, du-du-du, inayokuja injini ikishapata joto na oili ikawa nyepesi. Hizo ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounga pistoni na krenki. Hakuna bei ya kuzungumza hapo labda kama unanunua bodi.

Wauzaji wanaijua, kwa hiyo humwaga oili nzito kabla ya kukuonesha. Vuta kijiti, iache oili idondoke kwenye karatasi. Injini hizi zilikusudiwa oili nyepesi. Ukiona inateremka kama asali, na ni mpya kabisa, ya dhahabu, kwenye gari chafu la kilomita laki mbili, jiulize ilimwagwa lini na kwa nini. Endesha angalau nusu saa ndipo usikilize.

Wenye macho kwenye Subaru za tabo (turbo), sauti hii ndiyo ya kuitafuta kabla ya nyingine yoyote. Na wanaoitamani Mazda RX-8 yenye injini ya rotari: izime ikiwa ya moto, subiri dakika tano, iwashe tena. Ikisumbua, rudi nyumbani.

Taa ya injini haionekani kabisa

Taa isiyowaka si lazima iwe habari njema. Ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata, taa ya injini, ya oili na ya ABS zote zinapaswa kuwaka, kisha zizime injini ikishaunguruma. Isiyowaka mwanzoni imetolewa balbu au imezibwa. Na saa ya dashibodi ikiwa imerudi mwanzo, mtu alichomoa betri juzi kufuta kumbukumbu ya kompyuta. Endesha kilomita thelathini, ndipo uipime kwa mashine. Sauti nene kuliko kawaida na harufu kali nyuma mara nyingi ni katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyokatwa ikauzwa.

Gia

Kwa gia za mkono, sikiliza ya pili na ya tatu oili ya gia ikiwa bado baridi, ukibadilisha kwa haraka. Ikikwaruza ukiingiza, singo (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia) zimelika. Ukiingiza polepole haitakwaruza, ndiyo maana muuzaji huendesha kama anabeba mayai. Klachi ijaribu kwenye gia ya nne mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote: mzunguko ukipanda na gari lisiende, klachi imekwisha. Klachi ni kitu cha kuisha, singo ni za kufungua gia boksi.

Otomatiki, vuta kijiti chake kama kipo. Mafuta mekundu ni sawa, ya kahawia yanayonuka kuungua si sawa. Toka N kwenda D: ikichelewa sekunde mbili tatu halafu ikaruka, achana nayo, usidanganywe kwamba ukibadilisha mafuta itapona.

Mluzi unaoongezeka na mwendo, ukikata ukiachia mafuta, ni difu, gia za ekseli ya nyuma. Mtikisiko wa katikati ya sakafu ukiondoka ni beringi ya propela shafti.

Inagonga kwenye matuta

Gari hili lina mikono miwili ya sasipensheni kila gurudumu, mbele na nyuma, maana yake bushi ni nyingi. Kugonga si habari. Cha kujua ni nini kinagonga. Shokapu ikifa gari linapiga chenga tatu baada ya tuta. Lingi za stabilaiza hugonga kidogokidogo barabara mbovu. Boljointi za chini za mbele, viungio vinavyoshika gurudumu, ndizo za kuogopa, kwa kuwa ikichomoka gurudumu hulala. Pandisha kwa jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Weka mtaimbo chini ya tairi, inua. Yetu ilicheza upande wa kushoto.

Tairi zisome. Kuna tarakimu nne ndani ya duara la yai ubavuni: 3217 ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Tairi zilizolika upande mmoja wa ndani zinazungumzia bushi, au springi zilizokatwa kushusha gari. Springi iliyokatwa kwa grenda, kwangu mimi, inatosha kuondoka. Aliyekata springi alikata na mengine.

Kutu

Gari lililolala Raskazone miaka, hewa ya chumvi usiku kucha, linaliwa kutoka chini na kwenye maungio ambako rangi haifiki. Mengine yalikuja na kutu yake kutoka sehemu za Japani zenye theluji, wanakomwaga chumvi barabarani. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa: isiposhika juu ya matao ya magurudumu, chini yake ni puti. Kutu ya juujuu kwenye ekzosi na boriti puuza. Kutu kwenye pahala jeki inapokaa au pahala sasipensheni inaposhikwa, ikiwa bisibisi inazama, gari limeisha hata kama injini inaimba.

Kadi

Namba ya chasi ianze na GXE10 kwa AS200, SXE10 kwa RS200, na ifanane na kadi ya gari. Namba ya injini nayo. Namba za injini zikiwa tofauti, injini ilibadilishwa, jambo ambalo si kosa, ila halijarekebishwa kwenye kadi na litakusumbua TRA, mamlaka ya mapato, siku ya kuhamisha umiliki. Jina la kwenye kadi liwe la mtu uliyesimama naye au la mtu unayeweza kwenda kwake kunywa chai. Angalia madeni ya faini kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Hesabu ya Jumatatu

Tulimwomba muuzaji tuipeleke kwa fundi wetu Ngamiani kupima komprasheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Alisita, akakubali. Injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, pedeli mpaka chini, stata ipigwe mpaka geji itulie. Namba yenyewe inategemea geji na betri. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda, na Toyota hairuhusu kuzidi takribani baa moja ya presha. Ya tano ilikuwa chini kidogo. Fundi akamimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu lake, akapima tena. Ingepanda sana, ni ringi. Isingepanda, ni valvu. Ilipanda kidogo tu, na hata kabla ya oili tofauti ilikuwa haijafika baa moja. Sita zote zipo.

Nikachukua karatasi. Mkanda na pampu. Rejeta, themostati, kulanti. Boljointi mbili, maana hubadilishi moja. Sili za valvu siku nyingine, lakini ziandikwe leo. Muuzaji aliisoma kutoka juu hadi chini. "Mzee wangu, unaniua." Sikupinga, nilimwonesha kibandiko cha 101,880 nikamwomba anioneshe cha pili. Tulimaliza kwenye milioni saba na laki mbili, na mpwa wangu alikuja na milioni tisa. Tofauti ile nilimkataza kuigusa kwa redio au viti; ni ya orodha.

Juzi alinitumia picha. Nilidhani ni rimu. Ilikuwa sufuria jikoni kwao, maji yanaanza kutokota, ndani yake themostati mpya imening'inizwa kwa uzi, pembeni kipimajoto. Anasubiri aone inafunguka nyuzi ngapi kabla ya kuifunga kwenye gari. Dakika kumi baadaye dada yangu akapiga simu kuniuliza ni nani aliyemfundisha mtoto kupika vyuma kwenye sufuria yake ya maziwa.